Treni ndogo imegoma: ugonjwa uko kwenye njia, kwenye gari au kwenye majira?

Treni inatoka stesheni vizuri, inavuka daraja, inaingia kona, halafu inasimama. Unaigusa kwa kidole, inaondoka. Mzunguko unaofuata inasimama palepale. Hapo wengi wetu hukimbilia bisibisi na kuifungua injini, na hivyo ndivyo injini nyingi nzima zinavyoharibiwa. Weka bisibisi chini kwanza.

Kabla ya kugusa chochote, jiulize tatizo linakaa wapi. Likitokea mahali pamoja kwa kila injini na kila behewa, ugonjwa uko kwenye njia. Likifuata gari moja popote linapokwenda, ugonjwa uko kwenye gari hilo. Likija saa fulani au msimu fulani kisha likaondoka lenyewe, tafuta joto, unyevu, chumvi au vumbi. Mimi nina daftari kando ya meza na kila hitilafu naandika mambo matatu tu: mahali, gari, saa. Daftari hilo limeniokolea muda kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua.

Ninayoyaeleza nimekutana nayo kwenye meza yangu hapa Tanga. Ni plaiwudi moja ya futi nane kwa nne, kipimo cha HO, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, na njia yenye upana wa milimita 16.5. Kwa kipimo hicho umepata SGR kamili, reli yenye upana wa milimita 1435: gawanya 1435 kwa 87 uone. Reli ya zamani ya Tanga, ambayo Wajerumani walianza kuijenga 1893 na ikafika Moshi 1911, ina upana wa mita moja, kwa hiyo ingehitaji kama milimita 11.5. Wanaotaka usahihi huo hununua njia ya milimita 12 inayotengenezwa kwa ajili ya treni za milimani za Uswisi. Magonjwa ni yaleyale kwa zote.

Injini inasimama au inasitasita

Kama inasimama mahali pamoja, angalia maungio ya reli. Vile vijalada vidogo vya chuma vinavyounganisha reli mbili hubeba umeme siku za mwanzo, kisha hulegea na kushika kutu ya kijani, hasa kwetu tunaovuta hewa ya bahari. Chukua mita ya fundi redio, washa umeme, pima volti karibu na waya unaoingiza umeme, kisha pima upande wa pili wa meza huku injini ikivuta mzigo. Ukipata 12 hapa na 9 kule, usilaumu injini. Umeme unapotelea njiani.

Dawa yake ni waya. Pitisha chini ya meza waya mbili nene. Mimi nimetumia ule wa milimita za mraba 2.5 ambao mafundi wa nyumba hufungia soketi, kwa sababu upo kila duka la vifaa na haupotezi volti nyingi. Kutoka hapo pandisha vijiwaya vyembamba kwenye reli zote mbili kila baada ya mita moja, uvichomee kwa risasi upande wa nje wa reli ili gurudumu lisigonge. Rangi mbili, nyekundu na nyeusi, na usizichanganye hata siku ile rangi moja imekuishia na duka limefungwa.

Utashawishika kuchomea maungio yote ya reli pia. Usifanye hivyo. Reli hizi ni za nikelisilva, mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki (hakuna fedha ndani yake, licha ya jina), nayo hutanuka kwa joto. Reli ya mita tatu ikipanda joto nyuzi 15 hurefuka karibu robo tatu ya milimita. Ikikosa nafasi ya kwenda, hupinda. Acha mwanya wa nusu milimita kila baada ya mita moja hivi, na ukilaza njia asubuhi ya baridi uongeze kidogo.

Kama kusita kunafuata injini moja, ni magurudumu yake. Kunja kitambaa cha pamba, kilowanishe spiriti, kilaze juu ya reli, kisha uiweke injini bogi moja (kile kigari cha magurudumu kinachozunguka chini yake) juu ya kitambaa na bogi nyingine kwenye reli yenye umeme. Ishike isiondoke. Magurudumu yatajizungusha na kuacha mistari miwili myeusi. Geuza, rudia. Uchafu huo mara nyingi ni mafuta ya gia yaliyozidi: mwenye injini aliweka matone matano palipohitaji moja, na mafuta yakatafuta njia ya kutoka. Mabehewa yenye magurudumu ya plastiki nayo hueneza uchafu kuliko yale ya chuma, hivyo kuyabadilisha ni fedha iliyotumika vizuri.

Na kama kusita kunakuja baada ya treni kukaa wiki nzima bila kutembea, au wakati wa masika, ni reli zenyewe zimeshika utando. Zisafishe kwa spiriti safi ya duka la dawa. Gel ya kutakasia mikono haifai, kwa kuwa ina gliserini na vilainishi vinavyobaki juu ya reli na kukusanya vumbi upya. Msasa nao huacha mikwaruzo ambamo uchafu hujificha. Kibaya kuliko vyote ni nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Vipande vyake vidogo huvutwa na sumaku ya mota, vikaingia ndani, vikaila. Nikishasafisha, napitisha penseli laini ya 4B juu ya reli mara moja, kwa mkono mwepesi. Nyongeza ndogo hiyo inaongeza wiki kadhaa kabla ya usafi unaofuata.

Umeme ukikatika katikati ya mchezo, zungusha kitufe cha mwendo hadi sifuri kabla haujarudi. Kwenye kidhibiti cha kawaida cha 12 V, umeme ukirudi na kitufe kiko juu, treni huruka kama mshale na mwisho wake ni sakafuni. Kifaa kile kinacholinda friji kinalinda na hiki.

Shoti

Shoti ina sababu nyingi lakini zote ni reli ya kulia kukutana na ya kushoto mahali pasipostahili. Kwanza hakikisha mfumo wako unajilinda. Kwa wanaotumia DCC, yaani udhibiti wa kidijitali unaotuma amri kwa kila injini kupitia reli, jaribio ni rahisi: weka sarafu juu ya reli mbili, mahali palipo mbali kabisa na kidhibiti. Umeme lazima ukate papo hapo. Usipokata, waya zako ni nyembamba mno, na siku behewa likianguka vibaya utanusa plastiki inayoyeyuka. Rudia jaribio kila mita moja.

Shoti inayotokea treni ikipita kwenye pointi, pale njia inapogawanyika, mara nyingi iko kwenye kile kipande chenye ncha ambapo reli mbili zinakutana. Wajerumani hukiita moyo, na jina hilo linakifaa. Gurudumu pana au lililokaribiana mno na mwenzake hugusa reli mbili kwa wakati mmoja. Pima nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Kwa HO tafuta takribani milimita 14.4 hadi 14.6. Likiwa chini ya hapo, zungusha gurudumu polepole huku ukilivuta, lisije likakatika kwenye ekseli.

Njia ya kugeuzia, yaani ile inayoizungusha treni na kuirudisha ilikotoka, huleta shoti kwa umbo lake. Fuata reli ya kushoto kwa kidole na utajikuta kwenye ya kulia. Kata reli zote mbili kila upande wa kipande hicho, na kipande kiwe kirefu kuliko treni yako ndefu kuliko zote. Kwa DCC kuna kifaa kidogo kinachobadilisha upande chenyewe. Kwa kidhibiti cha kawaida cha 12 V funga swichi ya njia mbili.

Kuna shoti moja iliyonifundisha thamani ya kuandika saa. Kwa wiki mbili ilikuja saa nane mchana na kuondoka jioni. Nilibadilisha pointi, nikabadilisha kidhibiti, nikakagua kila gurudumu. Usiku kila kitu kilikuwa salama. Daftari lilionyesha saa nane, saa nane na nusu, saa nane, na mahali palepale, mwanzo wa njia ya bohari. Chumba changu kina paa la bati. Ule mwanya niliokata ili kutenganisha umeme wa bohari ulikuwa mwembamba kama karatasi. Bati likishika moto reli zilitanuka, mwanya ukafunga, reli zikagusana. Jioni ukafunguka tena. Nilikata upya, nikachomeka kipande cha plastiki kilichochongwa kwa umbo la reli, nikakigandisha kwa gundi ya supa. Sasa kila mwanya wa kutenganisha umeme kwenye meza yangu una plastiki ndani yake, na nakushauri ufanye hivyo siku ileile unapokata.

Treni inaacha njia

Hapa ndipo watu hukata tamaa na kuiacha kazi. Ukishajua kwamba tatizo linakaa mahali, shusha macho hadi usawa wa meza, washa tochi nyuma ya njia, na usukume behewa moja bapa kwa kidole, polepole kabisa. Utaona gurudumu likiinuka kabla halijaanguka. Hapo ndipo pa kutibu.

Kitu cha kwanza utakachokuta ni pembe kwenye kona. Reli ndefu zinazopindika zikiunganishwa baada ya kupindwa, ungio lake hutaka kunyooka, na kona ya duara inakuwa na kiwiko. Chomea vipande viwili vikiwa vimenyooka mezani, kisha vipinde kama kipande kimoja. Ungio kama hili ndilo pekee ninaloruhusu lichomewe, mwanya wa joto unaenda mahali pengine. Kitu cha pili ni reli moja kuwa juu ya mwenzake kwa sababu ya punje ya mchanga au kichwa cha msumari chini ya mataruma. Cha tatu ni ulimi wa pointi, ile reli inayosogea, usiofunga vizuri, na karibu kila mara utakuta kokoto moja imekaa pale.

Halafu kuna kosa ambalo halitibiki kwa bisibisi, kona kuwa kali kuliko magari. Behewa la abiria la mita 25 kwa HO ni sentimita 29. Kwa mwendo wa kutegemeka, nusu kipenyo cha kona kisipungue mara tatu ya urefu wa behewa refu kuliko yote, hapa sentimita 86 au zaidi. Plaiwudi ya futi nne ina upana wa sentimita 122, kwa hiyo duara kubwa unaloweza kulaza lina nusu kipenyo cha kama sentimita 55. Hesabu ikikuambia hapana, ikubali. Kwa 55 chagua mabehewa yasiyozidi sentimita 18, na bahati nzuri yale ya mizigo ya zamani, ya mita 11 hadi 13, yanaangukia sentimita 13 hadi 15. Meza ndogo yenye treni fupi ya katani inayotembea saa nzima bila kuanguka inanipa raha kuliko treni ndefu ya abiria inayokwaruza kila kona.

Kama ni behewa moja linaloanguka kila mahali, lipime kwenye mizani ya jikoni. Chama cha wapenzi wa reli ndogo cha Marekani, NMRA, kinapendekeza kwa HO kiasi kinacholingana na gramu 28, ukiongeza gramu 5.6 kwa kila sentimita ya urefu. Behewa la sentimita 15 linatakiwa kuwa na gramu 112. Mengi ya dukani hayafiki hata 80. Ongeza uzito chini, katikati, karibu na sakafu ya behewa. Hapa pwani watu hukimbilia vipande vya risasi vya nyavu za wavuvi. Vinafaa, lakini risasi ni sumu, kwa hiyo nawa mikono na usiwape watoto. Nati za chuma zinafanya kazi hiyohiyo.

Kisha angalia skrubu za bogi. Bogi moja iweze kuzunguka tu bila kuyumba, nyingine izunguke na kuyumba kidogo pande zote. Behewa linakuwa kama kigoda cha miguu mitatu, halikosi pa kukaa. Zikikazwa zote mbili, gurudumu moja litabaki hewani kwenye kila shimo dogo.

Kuanguka kunakoanza na mvua kunatokana na mbao. Plaiwudi iliyopakwa rangi juu tu hunywa unyevu kwa chini, ikajikunja. Paka pande zote mbili na kingo zake kabla ya kulaza reli. Na miguu ya meza isiguse ukuta, ili mchwa wakianza safari uwaone wakipanda.

Mabehewa yanaachana

Hili ni fupi. Viungo viwili vikiwa na kimo tofauti, kimoja hupanda juu ya kingine na kuachia. Weka magari mawili kwenye njia iliyo sawa, tazama kwa ubavu, ongeza washa nyembamba (kijisahani chenye tundu) kati ya bogi na sakafu ya gari lenye kiungo cha chini hadi vilingane. Yakiachana kwenye mlima tu, mlima unaanza ghafla. Usizidi sentimita mbili za kupanda kwa kila mita, na mwanzo wake uanze taratibu kwa urefu wa gari moja au zaidi.

Kokoto, nyasi na udongo

Kokoto zinaelea na kukusanyika vijidonge ukimwaga gundi? Maji yanakataa kuingia katikati ya punje. Zilowanishe kwanza kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kwa chupa ya kupulizia, ndipo udondoshe gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Kwenye pointi tumia brashi na gundi kidogo sana, huku ulimi ukiuchezesha kila dakika chache hadi ikauke.

Kokoto zinaonekana kama mawe ya kujengea? Ni kubwa mno. Kokoto la kweli la sentimita tano ni milimita 0.6 hapa. Chekecha kwa chujio la chai na uchukue kile kilichopita. Mchanga wa ufukweni uoshe kwa maji baridi mara tatu, vinginevyo chumvi itavuta unyevu na kula reli zako. Kisha, hata kama mchanga umetoka shambani, pitisha sumaku ndani yake. Mchanga wetu mara nyingi una chembe nyeusi zinazorukia sumaku, na chembe hizo zikiachwa zitarukia mota vilevile.

Jipsamu imepasuka? Tabaka lilikuwa nene au lilikauka haraka mno chini ya feni. Lowanisha la zamani kabla ya kupaka jipya. Changanya na udongo mwekundu uliochekechwa ndani ya jipsamu yenyewe, ili siku ikimeguka isionekane nyeupe. Milima iliyotengenezwa kwa magazeti na uji wa ngano inaliwa na mende. Tumia gundi nyeupe. Rangi ya mwisho ya kupuliza ikigeuka ukungu mweupe, uliipuliza siku yenye mvua. Subiri siku kavu, pulizia tabaka jingine jepesi, na mara nyingi ukungu huondoka. Madirisha ya mabehewa yakipata ukungu baada ya gundi ya supa, ni mvuke wake: bandika vioo mwisho, kwa gundi nyeupe.

Limebaki lile linaloniuma kuliko yote: kila kitu kipo, reli, mkonge, mlima, stesheni, na bado haifanani na Tanga. Watu hudhani wamekosa vitu, wakaongeza miti na nyumba, hali ikazidi kuwa mbaya. Chanzo karibu kila mara ni rangi. Kijani cha kopo kinatoka nchi yenye mvua nyingine. Nenda kasimame karibu na njia kule Muheza au Korogwe mwezi wa pili, uone: nyasi ni za rangi ya majani makavu, vumbi jekundu limepanda hadi nusu ya shina, mataruma ya chuma ya njia ya zamani yana kutu ya kahawia na ubavu wa reli una rangi hiyohiyo. Paka ubavu wa reli zako kahawia, futa juu tu pang'ae. Mataruma meusi ya plastiki yape kutu. Nyasi ndefu zikate kutoka nyuzi za katani yenyewe, milimita tano hadi kumi na moja, maana nyasi ya mita moja ni milimita 11.5, na uzichovye kwenye chai ya rangi badala ya rangi ya kijani. Vichaka tengeneza kwa dodoki lililochanwachanwa.

Mkonge upange kwa mistari, kama shambani. Lakini ng'oa mmoja hapa, mwingine uwe mdogo, mwingine utoe mlingoti wake mrefu juu, na kati ya mistari acha njia moja ya udongo palipopita matrekta. Kisha zima taa ya chumba, washa taa moja tu upande wa mashariki wa meza, kama jua la saa moja asubuhi, na upige picha kwa usawa wa macho ya mtu wa milimita 20. Picha itakuonyesha makosa ambayo macho yako yamezoea kuyaruka. Yaandike kwenye daftari lilelile.